Muziki wa Giza na Washitaki Wake

Kisa cha maneno haya ni semina moja ya mwaka jana, ambamo mwanafunzi wa shahada ya pili alisoma karatasi yake juu ya maombolezo katika nyimbo za Joy Division, bendi ya Manchester. Hakuwa amefika nusu, mwalimu mmoja mkubwa kwa umri na kwa cheo akainuka akasema kwamba huo ni muziki wa mashetani, kwamba wapenzi wake huvaa kaniki na kushinda makaburini, na kwamba chuo si mahali pa kuzungumzia mambo kama hayo. Mwanafunzi akakunja karatasi yake akaketi. Nami nilikuwapo, nisiseme neno. Kwa kunyamaza huko najilaumu hata leo. Basi nayasema hapa yale niliyopaswa kuyasema siku ile. Na kwa kuwa nimekwisha ingia vitani, sitawaacha salama hata baadhi ya hao ninaowatetea.

Jambo la kwanza wasahaulo washitaki ni mahali. Muziki huu, ambao Waingereza waliupa jina la gothi, haukushuka kutoka kuzimuni. Ulizaliwa kati ya mwaka 1976 na 1982 katika miji ya Uingereza ambayo viwanda vyake vilikuwa vikifungwa: Manchester na Salford, Leeds, Northampton. Katika Salford serikali ya mji ilibomoa mitaa mizima ya nyumba za wafanya kazi, na katika Hulme, jirani yake, yakasimamishwa majumba makubwa ya zege yaliyokwisha mwaka 1972, nayo yakaharibika upesi hata yakabomolewa katika miaka ya 1990. Kijana aliyekulia huko aliona nyumba ya bibi yake ikiwa kifusi. Mnataka aimbe nini? Asikilizaye sahani yao ya kwanza ya mwaka 1979, iliyosimamiwa na Martin Hannett, atasikia ngoma kavu, iliyo mbali, kama ipigwayo katika ghala tupu. Atasikia gitaa la besi la Peter Hook likichukua wimbo juu, mahali pa gitaa la kawaida, na sauti ya Ian Curtis ikizungumza chini kama mtu aliye peke yake. Huo ndio upweke wa mji ulioachwa. Shetani hana habari nao.

Sisi tufundishao Kiswahili ndio tusiopasa kabisa kulishangaa jambo hili. Kila mwaka twawasomesha wanafunzi Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuchukua moyo wake akautembeza katika majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, akauonyesha wadudu na ndege waliorithi vyumba vya matajiri, akaushusha mpaka kaburini. Hatujasikia mwalimu aliyeinuka semina akamwita mpenda makaburi. Twamwita mshairi mkuu, nasi twasema kweli.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Sayyid aliyaendea magofu kwa ajili ya kuonya, na nyuma ya onyo lake alikuwapo Mungu. Bali vijana wa Salford waliyaendea mikono mitupu. Tofauti hiyo ipo, nayo ni kubwa, wala siifichi. Lakini mtu aliaye bila ya kupata faraja amekosa faraja; hajatenda ovu. Kumhukumu kwa kukosa kwake ni kumpiga mgonjwa kwa sababu ya homa.

Tena washitaki hawajui kucheka, na mengi katika muziki huu ni mchezo wa kuigiza. Wimbo uhesabiwao na wengi kuwa wa kwanza wa gothi, ulioletwa na Bauhaus wa Northampton mwaka 1979, wapita dakika tisa, nao unamhusu Bela Lugosi, mwigizaji aliyekuwa Dracula katika sinema ya mwaka 1931 na kufa mwaka 1956. Yaani huomboleza sinema. The Sisters of Mercy wa Leeds, walioanza mwaka 1980, hawakuwa na mpiga ngoma. Walikuwa na mashine, wakaipa jina la Doktor Avalanche. Shetani gani huyu apigaye kwa umeme na kupewa udaktari? Mimi wangu nilitaabikia miaka mingi zaidi. Na Andrew Eldritch, mwimbaji wao, amekataa siku zote kuitwa gothi, kama ilivyo desturi ya kila aliyeanzisha kundi kisha akawaona wafuasi wake.

Hayo ni ya upande mmoja. Sasa nageuka.

Pamoja na gothi huwekwa muziki wa viwanda, na wanafunzi wangu huvisifu vyote kwa pumzi moja, kana kwamba kila kitishacho ni kirefu. Hapo siwafuati. Throbbing Gristle walifanya maonyesho yao katika jumba la sanaa la ICA, London, Oktoba 1976; mbunge Nicholas Fairbairn akawaita wavunjaji wa ustaarabu, na tangu hapo hutajwa kama mashujaa. Lakini alama ya kampuni yao ya sahani ilikuwa picha ya jengo la tanuri la Auschwitz. Watetezi husema kwamba hicho ni kioo waliomwekea mbele mtu wa leo. Mimi nasema kioo humwonyesha atazamaye uso wake mwenyewe. Picha ile yaonyesha msiba wa watu wengine, ambao hawakuulizwa, ili iwe chapa ya biashara. Kadhalika Siouxsie Sioux alivaa kitambaa cha swastika mkononi mwaka 1976, na Joy Division, hao hao nilioanza nao, jina lao walilichukua katika riwaya isimuliayo wanawake waliotumikishwa kwa uchafu katika kambi za Wanazi. Ulikuwa utoto, husemwa. Ndiyo, ulikuwa utoto. Basi uitwe hivyo, usiitwe falsafa.

Asiyeamini kwamba kelele zaweza kuwa na adabu na awasikilize Einstürzende Neubauten wa Berlin Magharibi, ambao jina lao maana yake ni majengo mapya yaangukayo. Tangu mwaka 1980 walipiga vyuma chakavu, mabomba na keekee, na Januari 1984 waliitoboa sakafu ya jukwaa la ICA hata wenyeji wakausimamisha mchezo. Lakini walichovunja ni sakafu. Hawakuazima maiti za mtu. Juu ya Laibach wa Trbovlje, mji wa wachimba makaa wa Slovenia, nina shaka mpaka sasa: huvaa mavazi ya utawala ili utawala uaibike, nao watawala wa Yugoslavia waliwakataza jina hilo la Kijerumani la Ljubljana kwa miaka kadha, lakini siku nyingine nikiwatazama sioni ni wapi kejeli yaishia na raha yaanzia.

Kosa kubwa zaidi la wapenzi, linalonitia hofu kama mwalimu, ni kukifanya kifo kuwa mhuri wa ubora. Ian Curtis alikufa kwa mkono wake tarehe 18 Mei 1980, ana miaka 23, siku moja kabla ya safari ya bendi kwenda Marekani. Sahani ya pili ikatoka Julai, na juu ya jalada lake picha ya kaburi la Staglieno, Genoa. Picha hiyo ilichaguliwa angali hai. Lakini tangu siku hiyo watu huzisoma nyimbo kwa kurudi nyuma, kama kwamba kufa kwake ndiko kulikozifanya kuwa kweli. Nimewasikia wanafunzi wakisema hivyo kwa macho yang'aayo. Si kweli. Nyimbo zilikuwa nzuri alipokuwa hai. Alikuwa na kifafa, alikuwa na huzuni nzito, alihitaji tabibu na rafiki, na wenzake wenyewe wamekiri baadaye kwamba hawakuyasikiliza maneno aliyokuwa akiyaimba karibu nao kila usiku.

Yule mwalimu mkubwa naye hakusikiliza. Alihukumu nguo. Huko Bacup, Lancashire, Agosti 2007, vijana walimpiga msichana wa miaka 20 hata akafa, kwa kuwa yeye na mpenzi wake walivaa kigothi. Na mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuyaandika mashambulio ya namna hiyo katika hesabu ya makosa ya chuki. Katika kisa hicho, mweusi wa nguo ndiye aliyeuawa.

Karatasi ya mwanafunzi yule ninayo. Nimeomba kwa mhariri ipewe nafasi katika toleo lijalo, yote, pamoja na ile nusu isiyosomwa. Mwalimu akipenda kuijibu, kurasa ni hizi hizi. Na sahani ya mwaka 1979 iko ofisini kwangu, nitamwazima.