MALEZI YA WATOTO: MTOTO ALIYECHELEWA KUSEMA

Mtoto wa miaka mitatu asiyesema huzusha maneno mengi nyumbani. Nyanya yake husema ya kuwa babaye naye alichelewa, basi na angojewe. Jirani husema ni mkaidi. Mwingine hutoa shauri la kukata utando ulio chini ya ulimi, kana kwamba maneno yamefungwa hapo. Ni wachache wanaouliza swali lililopasa kutangulia yote: Je, mtoto huyu asikia?

Kusema huanzia sikioni. Mtoto husikia sauti ya mamaye hata kabla ya kuzaliwa, katika miezi ya mwisho ya mimba. Apatapo miezi sita au saba huanza kubwabwaja "ba-ba-ba". Akikaribia mwaka mmoja hutamka neno lake la kwanza. Na atimizapo miaka miwili aghalabu huunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Miezi hii si amri ya serikali, na watoto hawalingani. Lakini aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno, au aliyekuwa akisema kisha akanyamaza, huyo si wa kungojewa.

Jambo liwadanganyalo wazazi ni hili: hata mtoto kiziwi hulia, hucheka na kuguna katika miezi ya kwanza kama wenzake. Tena ana macho makali. Huona kivuli mlangoni, huhisi mtikiso wa sakafu, akageuka. Na mamaye akaridhika kuwa amesikia. Wako pia wasio viziwi kabisa ila husikia nusu nusu. Homa ya uti wa mgongo yaweza kuharibu masikio, na hata usaha utokao sikioni, ambao wengi huudhani kuwa ni jambo la kawaida la utoto, hupunguza usikivu usipotibiwa. Kutia mafuta ya moto katika sikio hilo si dawa hata kidogo.

Mzazi aweza kumjaribu kwa kusimama nyuma yake, mahali ambapo kivuli hakimfikii, na kumwita kwa sauti ya chini. Kugonga sufuria hakutoshi, kwa maana mwenye kusikia nusu atashtuka vilevile. Hata hivyo kipimo cha kweli ni cha hospitali. Katika Kenya viko pia vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984 chini ya Wizara ya Elimu.

Makarani wengi wana hofu nyingine: nyumbani kilugha, kwa majirani Kiswahili, shuleni Kiingereza; je, mtoto hatachanganyikiwa? Hasha. Atachanganya maneno kwa muda, lakini lugha mbili hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Anachohitaji ni mtu wa kuzungumza naye na kumjibu, shambani au jikoni, katika lugha ambayo mzazi aijua vizuri. Redio haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa haimjibu.

Na ikiwa kweli hasikii? Hapo ndipo wazazi wengi humficha, nayo miaka ya kwanza, ambayo akili hushika lugha kwa wepesi kupita yote, ikapotea bure. Lugha ya ishara ni lugha kamili, yenye kanuni zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeihesabu pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mtoto aweza kuianza kabla ya kwenda shule, na mama, baba na ndugu zake hawana budi kujifunza pamoja naye, ama sivyo atakuwa mgeni katika nyumba yao.

Mzazi afikapo hospitalini amweleze daktari maneno ambayo mtoto ayasema, kama yapo, magonjwa aliyougua, na kama sikio limewahi kutoa usaha. Akiambiwa tu angoje atakua, aombe masikio yapimwe kwanza.