Twende kwenye utafiti na fungu letu mkononi

Rotterdam, Uholanzi

Kwa wakulima, wasindikaji na wanaushirika wa Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza, pamoja na madiwani na wabunge wao.

Ndugu zangu,

Sisi tulioko ughaibuni tumezoea kutuma fedha za ada, za matibabu na za bati, na hilo tutaendelea nalo kadiri tunavyojaliwa. Leo nawaandikia kuhusu fedha ya aina nyingine, ambayo sisi hatuwezi kuituma na ambayo ninyi mna haki ya kuidai serikalini. Ni fungu la kumwezesha mwenye kiwanda kidogo, kikundi cha wasindikaji au chama cha ushirika kuingia katika utafiti na washirika wa nje akiwa na mchango wake, swali lake na haki yake juu ya matokeo. Naamini kwamba bila fungu hilo Usambara itaendelea kuwa mahali pa kufanyia utafiti ambao faida yake huandikwa kwa majina ya wengine. Naomba muisome hoja hii hadi mwisho, kisha muipime.

Historia ya milima yetu ni ushahidi wa kutosha. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover alilipa jina la kisayansi ua dogo la zambarau lililotoka Usambara, akaliita Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Leo ua hilo linauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani, na vijiji vilivyo jirani na miamba linapoota porini havina fungu katika biashara hiyo. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, hapohapo Amani ndipo H. H. Storey alipoueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo, na wataalamu wakachanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceara kutafuta aina zinazostahimili magonjwa. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika hadi Afrika Magharibi na kusaidia kuzalisha aina nyingine. Kazi hiyo imelisha watu wengi, wala siilaumu. Nasema tu kwamba Usambara ilitoa ardhi, mimea na nguvu kazi, na watu wake hawakuwa na mahali pa kutia saini.

Atakayejibu kwamba hayo ni mambo ya ukoloni, tuutazame pamoja msambu, mti wa misitu yetu ambao wanasayansi huuita Allanblackia stuhlmannii. Wazee wa Usambara Mashariki walijua tangu zamani kwamba mbegu zake hutoa mafuta magumu yanayofaa kupikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Unilever ilishirikiana na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, na mashirika mengine kuliendeleza zao hilo kwetu, Ghana na kwingineko. Utafiti ulionyesha mengi yenye faida kwa mkulima: mbegu huchukua miezi mingi kuota, tena iko miti dume na miti jike, kwa hiyo mtu anaweza kutunza mche miaka mingi na kuambulia mti usiozaa. Ndiyo maana kazi kubwa ilifanywa katika kubebesha miche. Hata hivyo, mlango wa soko la Ulaya ulifunguliwa na jalada la ushahidi wa usalama wa chakula. Ombi liliwasilishwa na Unilever, na mwaka 2008 Tume ya Ulaya ikaruhusu mafuta hayo yatumike katika majarini na vyakula vingine vya kupaka mkate. Ruhusa ilielekezwa kwa kampuni iliyoomba. Mwokota mbegu wa Muheza alibaki mwokota mbegu, na mnunuzi mkubwa akipunguza kasi, yeye hana jalada la kumpelekea mwingine.

Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Katika biashara ya mazao ya leo, ushahidi wa maabara ni mali kama shamba lilivyo mali, na mwenye kuulipia ndiye anayeumiliki. Iliki, mdalasini na pilipili manga za Usambara Mashariki zinahitaji vipimo vya masalia ya viuatilifu na vya sumukuvu kabla ya kukubaliwa katika masoko yanayolipa vizuri. Plamu, pichi na peasi za Lushoto huiva kwa pamoja na bei huporomoka. Kuzikausha au kuzisindika kunahitaji mtu apime unyevu, sukari na muda wa kukaa dukani bila kuharibika. Vyakula vya asili navyo vimepata njia: tangu Januari 2018 kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya imeweka utaratibu mwepesi zaidi kwa chakula cha jadi kutoka nje, mradi mwombaji athibitishe kwamba kimeliwa salama kwa angalau miaka 25 na aambatishe takwimu za viambato vyake. Maarifa ya kuthibitisha hilo mnayo ninyi. Kinachokosekana ni fedha ya kuyageuza kuwa jalada lenye jina lenu.

Nchi nyingine zimeona kwamba biashara ndogo haiwezi kuubeba mzigo huu peke yake. Hapa Uholanzi serikali ilianza mwaka 2004 kugawa hati za utafiti kwa kampuni ndogo na za kati. Hati moja ilikuwa na thamani ya hadi euro 7,500, zaidi ya shilingi milioni 20 kwa viwango vya karibuni, na ilitumika kulipia swali la kampuni katika taasisi ya utafiti. Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi kuliko hati 100 za kwanza, waliopata walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na hivyo wachumi wakaweza kuwalinganisha na waliokosa. Waligundua kwamba katika kila hati kumi, nane zilizaa kazi ambayo isingefanyika bila hati hiyo. Kwa ushirikiano wa kuvuka mipaka kuna mpango wa Eurostars, ambamo kampuni ndogo za nchi mbili au zaidi hufanya utafiti mmoja na kila serikali hulipia kampuni zake. Afrika Kusini imo. Katika utaratibu wa namna hiyo, nchi isiyotenga fedha kwa ajili ya watu wake haina cha kuwapa wanapoitwa mezani.

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake upo Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Tangu 2019 tuna mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu, MAKISATU. SIDO imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu 1973. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini kati ya milango hiyo lipo pengo. Mfuko wa sayansi huelewana zaidi na watafiti na vyuo, na mikopo ya halmashauri ni mikopo. Utafiti haubebwi na mkopo, kwa sababu jibu la maabara laweza kuwa "haifai". Jibu hilo lina thamani, linamwokoa mtu asinunue mitambo bure, lakini halizai marejesho. Kwa hiyo fedha yake lazima iwe ruzuku, japo ndogo.

Wapo watakaosema kwamba nchi isiyo na dawa za kutosha katika zahanati haina haki ya kulipia utafiti wa wafanyabiashara. Ni pingamizi zito, na silijibu kwa kusema zahanati zisubiri. Najibu kwamba fedha hii haihitaji kuwa mpya. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1982, haikuweka kodi mpya. Ililazimisha wizara na wakala zenye bajeti kubwa za utafiti kutenga sehemu ya bajeti hizo kwa kampuni ndogo. Nasi tunaweza kutenga sehemu ya fedha za sayansi zilizopo. Wengine watauliza kwa nini tulipe ilhali wafadhili wako tayari kulipa kila kitu. Mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani kuanzia 1981, ulifanya kazi njema Lushoto, lakini mradi wa mfadhili huja na swali lake na una tarehe yake ya kumalizika. Anayechangia hata robo ya gharama hupata nafasi ya kusema utafiti uanze na nini, na matokeo yabaki kwa nani.

Pingamizi la tatu ndilo lenye ukweli mwingi zaidi: fedha italiwa, au itawafikia wenye kujuana, au mshirika mkubwa wa nje atammeza mdogo. Kwa hilo nina masharti matatu. Fungu litolewe kwa hati kama zile za Uholanzi, na hati isilipwe taslimu. Ilipwe moja kwa moja kwa maabara, iwe ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), ya shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, au ya nje, baada ya kazi kukamilika. Orodha ya waliopata, pamoja na maswali yao, ibandikwe kwenye mbao za halmashauri na za kata. Na hati isitolewe kabla COSTECH haijaona mkataba unaotaja mwenye takwimu, mwenye hataza na mgawo wa faida, kwa kufuata misingi ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki. Zaidi ya hayo, waombaji wakizidi uwezo wa mfuko, wachaguliwe kwa kura ya bahati nasibu iliyo wazi. Kura haina mjomba.

Kwa hiyo ninawaomba haya. Wanaushirika, kaeni muandike maswali yenu ya utafiti, kila swali na bidhaa yake, maana serikali haiwezi kutenga fedha kwa swali lisiloandikwa. Madiwani, yapokeeni na kuyapeleka mkoani Tanga kwa jina la halmashauri. Wabunge wetu, Bunge la bajeti huanza Aprili; simameni kwenye makadirio ya wizara inayohusika na sayansi mkadai dirisha la hati za utafiti kwa viwanda vidogo. Nasi tulioko huku tuna kazi yetu: kutafuta maabara na kampuni zenye nia njema, kuisoma mikataba iliyoandikwa kwa lugha za huku, na kuwaambia ukweli pale mkataba usipowafaa. Tutaifanya bila malipo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya fungu la serikali yenu. Lidaini sasa, kabla makadirio hayajafungwa.

Ndugu yenu katika ughaibuni