Lenzi kuukuu yapata kazi, Nyanya apata picha

MSOMAJI mpendwa, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili, hebu jiulize swali hili: je, nyumbani kwenu mna picha ya nyanya yenu isiyokuwa ile ya kitambulisho?

Nauliza kwa sababu twajuana. Mzee anapotuaga, jamaa hukimbilia kitambulisho chake. Ile picha ndogo hukuzwa, ndiyo ikatolewa kwenye tangazo la mazishi. Mtu aliyeishi miaka 90 anakumbukwa kwa uso aliokuwa nao siku aliyosukumwa kwenye foleni.

Nusura yatukie hayo kwa nyanya yangu. La ajabu ni kwamba mwanawe, yaani mjomba wangu, alikuwa mpiga picha kwa zaidi ya miaka 30. Ama kweli, mganga hajigangi. Aliwapiga picha maharusi, watoto waliobatizwa na wanafunzi waliofuzu, lakini zamu ya mamake ilikuwa daima ni "wiki ijayo".

Studio yake ilifungwa mwaka wa 2009. Kilichosalia ni kamera kubwa ya mbao, ya zile filamu za bapa za inchi 4 kwa 5, ambazo huingizwa moja moja. Lenzi yake ilikuwa imeliwa na kuvu. Filamu zilikuwa 4 tu ndani ya friji, chini ya sukuma wiki, masalio ya kisanduku alichotumiwa na mwanawe aliye Uingereza.

Kisha Nyanya akalazwa hospitalini wiki mbili. Aliporudi nyumbani, Mjomba alinipigia simu.

"Mwanangu," akasema, "wiki ijayo imefika."

Nilimwambia simu yangu hupiga picha safi. Hakunijibu. Nilipofika kwake nilimkuta ameweka mezani lenzi moja nzito ya Kijerumani, ya milimita 360, aliyopewa zamani na mwenzake kulipia deni. Ilikuwa lenzi ya masafa, yaani ya kuvuta vitu vya mbali. Haikuwa na shata wala pete ya kuifunga kwenye kamera.

Lenzi za aina hii si ngeni duniani. Zilianza kutengenezwa mwaka wa 1891, wakati Thomas Dallmeyer wa London na Adolf Miethe wa Ujerumani walipozibuni kila mtu kivyake. Arthur Radclyffe Dugmore alipokuja nchini mwaka wa 1909 kupiga picha za wanyama wa porini, lenzi za namna hii zilikuwa miongoni mwa zana zake.

Lakini Nyanya si simba. Mbona basi tutumie lenzi ya masafa?

Sababu ni mbili. Kwanza ni uso wenyewe. Kwa lenzi ya kawaida ya kamera ile, ya milimita 150, ili Nyanya ajae kwenye filamu kutoka kifuani hadi kichwani ingebidi kamera isogezwe hadi mita 1 hivi kutoka kwake. Ukimkaribia mtu hivyo, pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Kwa lenzi ya milimita 360 unapata picha ya ukubwa uo huo ukiwa mita 2 na nusu, na uso unabaki kama ulivyoumbwa.

Pili ni kamera. Nyuma ya lenzi kuna ule mfuko mweusi unaokunjuka kama kodiani. Wa Mjomba hufika sentimita 30 na hapo umekwisha. Lenzi ya kawaida ya milimita 360 hudai sentimita 36 hata ukitazama mlima wa mbali, na ukimtazama mtu aliye karibu hudai zaidi ya 40. Lenzi ya masafa ina ujanja wake: vioo vya mbele hukusanya mwanga, vya nyuma huutawanya kidogo, na kwa hivyo hutosheka na mfuko mfupi.

Mufupi kiasi gani? Hili, wanafunzi, mnaweza kulijaribu nyumbani kwa kioo chochote cha kukuzia. Tulisimama ndani ya chumba chenye giza, tukaielekeza lenzi dirishani kwenye tangi la maji la mbali (kamwe usiielekeze juani), tukashika karatasi nyeupe nyuma yake. Tangi lilipoonekana wazi, kichwa chini miguu juu, tulipima kwa rula: sentimita 22. Kwa mtu aliye mita 2 na nusu huongezwa sentimita 6. Jumla 28. Tulikuwa tumeponea chupuchupu!

Kisha tulipima duara la mwanga kwenye karatasi. Filamu ya inchi 4 kwa 5 huhitaji duara la sentimita 16 au zaidi, la sivyo pembe za picha huwa nyeusi. Ndiyo sababu lenzi za masafa za kamera ndogo za milimita 35 hazifai kazi hii hata ziwe ndefu namna gani. Yetu ilipita.

Hapa ndipo nilipoharibu. Kwa pupa yangu, nilikata tundu kwenye plaiwudi kwa kukisia, nikaona limekuwa pana, nikalijaza vipande vya mpira. Mjomba alinitazama tu. Tulijaribu kwa kuupiga picha mpapai wa jirani, naye akaisafisha filamu usiku ule bafuni. Mwanga ulikuwa umepenya kando ya lenzi na kuipaka picha ukungu. Filamu moja ilikuwa imekwenda bure, zikabaki tatu.

"Pima mara mbili, ukate mara moja," Mjomba alisema. Hakuongeza neno.

Kesho yake nilikwenda Kamukunji kwa mafundi wa Jua Kali. Fundi mmoja alikereza pete ya alumini iliyoikaa lenzi sawasawa kama pete ya ndoa. Tuliifunga kwa skrubu kwenye ubao mpya, tukapaka rangi nyeusi isiyong'aa, tukaweka kigogo chini ya lenzi ili uzito wake usiiinamishe kamera. Halafu tuliingiza tochi ndani ya kamera gizani na kuizunguka tukitafuta upenyo. Hapakuwa hata mmoja.

Na shata je? Mjomba alivua kofia yake. Aliketisha Nyanya barazani penye kivuli, mgongo ukiegemea kiti, akabana tundu la lenzi hadi namba 16. Kipima mwanga kilisema sekunde 1. Mjomba aliifanya 2, kwa kuwa mfuko ukivutwa nje mwanga hupungua. Kofia ilitoka, tukahesabu, kofia ikarudi.

Filamu ya pili iliharibiwa na kuku. Nyanya aligeuka kumfukuza katikati ya hesabu, akatoka na vichwa viwili. Ya tatu alitulia.

Nimeiona picha hiyo. Kila mkunjo wa uso wake umo, na uzi uliolegea kwenye leso yake pia umo. Anatazama kama mtu anayemjua vizuri aliye nyuma ya kamera.

Ilibaki filamu moja. Mjomba alitaka kuirudisha kwenye friji, Nyanya akakataa.

"Na wewe mwanangu nani atakupiga?" aliuliza. "Keti hapo."

Alijikongoja hadi kwenye kamera, nami nikamshika mkono. Aliiondoa ile kofia, akahesabu mbili kwa sauti, akairudisha.

Basi, msomaji, huna haja ya kamera ya mbao wala lenzi ya Kijerumani. Hata simu itatosha. Lakini usingojee wiki ijayo.

Tukutane Jumapili, Mola akipenda.