Rula Iachwe Huru

Kwenye michezo ya vita vya meli za anga, ile ya vimeli vidogo mezani, kuna ubishi usiokwisha: mchezaji aruhusiwe kupima umbali kabla ya kutaja shabaha, au akisie kwa jicho na akikosea ahesabiwe zamu imepotea? Sisi tunasema apime, tena muda wowote.

Sheria ya kukisia imerithiwa kutoka baharini, na huko ilikuwa na haki yake. Katika mchezo wa manowari aliotunga mwandishi Fletcher Pratt wa New York kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wachezaji waliinama sakafuni wakakisia masafa kwa inchi, ndipo ikapimwa makombora yameangukia wapi. Ndiyo kazi waliyokuwa nayo maofisa wa mizinga kwenye mapigano ya majini ya Jutland mwaka 1916, macho kwenye darubini za kupimia masafa, mbele yao moshi na ukungu. Lakini hata baharini zama hizo zilipita. Tarehe 26 Desemba 1943, katika giza la Aktiki, manowari ya Uingereza Duke of York iliielekezea mizinga Scharnhorst ya Ujerumani kwa rada. Jioni hiyohiyo Scharnhorst ikazama.

Leo tunaupima umbali wa Mwezi, wastani wa kilomita 384,400, kwa leza inayorudishwa na vioo ambavyo wanaanga wa Apollo walianza kuviacha huko mwaka 1969, na kosa halizidi sentimita chache. Iweje nahodha wa karne zijazo asijue adui yuko umbali gani?

Asichokijua ni adui atakuwa wapi. Fyatua kombora lisilo na usukani, linalokwenda kilomita 10 kwa sekunde, kwa meli iliyo kilomita 10,000 mbali. Litakuwa njiani sekunde 1,000. Meli hiyo ikiongeza mwendo kidogo tu, mita moja kwa sekunde katika kila sekunde, itakuwa kilomita 500 kutoka pale ulipoitegea. Hata leza haina uhakika kamili: kwa adui aliye kilomita 300,000, unachokiona ni cha sekunde moja iliyopita, na mwali wako unahitaji sekunde nyingine kumfikia.

Fumbo liwekwe hapo. Katika Full Thrust, mchezo wa Kiingereza wa Jon Tuffley, kila upande huandika amri zake za mwendo kwa siri, kisha meli zote husogezwa. Unapambana na akili ya mwenzako. Kukisia inchi kunampa ushindi mwenye jicho lililozoea meza, au yule anayeegemeza mkono karibu na vimeli huku akijua fika urefu wa kiganja chake. Tumeuona mkono huo, na ugomvi unaoufuata.

Wapo wanaosema kupima kunachelewesha mchezo. Ni kweli, na dawa yake ni saa ya zamu.

Tunakubali jambo moja. Mapigano ya ndege za kivita za Star Wars yalitungwa kwa kufuata mapigano ya ndege ya Vita vya Pili vya Dunia, hivyo katika X-Wing, mchezo wa mezani wa ndege hizo, rubani kuchagua mwendo kwa jicho kunaendana na hadithi yenyewe. Manowari za anga zenye rada na kompyuta ni habari nyingine, na waandaaji wa mashindano wazipe rula zao.