Kombe la Ryder: aliye hodari ni nani, na anayejua kucheza wawili ni nani?

Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, kwenye uwanja wa Bethpage Black katika jimbo la New York, wachezaji wa gofu wa Ulaya walibaki na Kombe la Ryder kwa pointi 15 dhidi ya 13 za Marekani. Tangu hapo swali limerudi, lile lile la kila baada ya miaka miwili: je, sasa ni wazi kwamba Ulaya ina wachezaji hodari kuliko Marekani? Jibu limo ndani ya hesabu ya siku zile tatu, na pengine halitapendeza washabiki wa upande wowote.

Kwa asiyefuata gofu, kombe hili lilianza mwaka 1927 na lina jina la Samuel Ryder, Mwingereza aliyekuwa mfanyabiashara wa mbegu. Kila upande unaleta wachezaji 12, na pointi zinazoshindaniwa ni 28. Siku mbili za kwanza watu wanacheza wawili dhidi ya wawili, kwa pointi 16. Siku ya tatu ni mtu na mtu, pointi 12. Zikigawanyika 14 kwa 14, mwenye kombe analirudisha nyumbani bila kumshinda mtu.

Pale Bethpage, katika michezo ya wawili wawili Ulaya ilipata pointi 11 na nusu, Marekani 4 na nusu. Jumapili, mtu na mtu, mambo yakageuka: Marekani 8 na nusu, Ulaya 3 na nusu. Mtu aliyefika uwanjani Jumapili tu, bila kujua yaliyotangulia, angerudi nyumbani akiapa kwamba Wamarekani ndio bora. Na asingekuwa mwongo.

Tena pointi moja kati ya hizo haikuchezwa kabisa. Viktor Hovland wa Norway aliumwa shingo, Harris English wa Marekani akawekwa kando kama kanuni inavyotaka, na kila upande ukapewa nusu. Kapteni wa Marekani, Keegan Bradley, alilalamika na kutaka kanuni hiyo ibadilishwe. Alikuwa na haki ya kulalamika, ingawa hata kama Marekani ingepewa pointi nzima, Ulaya ingeshinda kwa 14 na nusu.

Mfano mzuri zaidi ni Scottie Scheffler, namba moja wa dunia. Ijumaa na Jumamosi alicheza michezo minne na wenzake, akapoteza yote minne. Jumapili akasimama peke yake mbele ya Rory McIlroy, akamshinda kwa tofauti ya shimo moja. Je, Scheffler alisahau gofu siku mbili, kisha akaikumbuka asubuhi ya tatu?

Mwaka 2023, karibu na Roma, Scheffler huyo huyo na Brooks Koepka walichapwa na Hovland na Ludvig Åberg kwa mashimo 9 yakiwa yamebaki 7 tu. Hakuna mchezo wa mashimo 18 katika historia ya kombe hili uliokwisha kwa kipigo kikubwa kuliko hicho. Kilihesabiwa pointi moja. Ushindi wa shimo moja juu ya McIlroy nao, pointi moja. Katika mashindano ya kawaida ya gofu mtu anacheza siku nne, mashimo 72, na kila pigo linaandikwa. Ukiharibu shimo kwa mapigo 8, mapigo hayo yanakufuata hadi mwisho. Kwenye Ryder unapoteza shimo lile moja, basi, mnaanza upya.

Kisha kuna uwanja wenyewe, ambao mwenyeji anautengeneza apendavyo. Mwaka 2018 karibu na Paris, njia za kupigia zilikuwa nyembamba na majani ya pembeni marefu. Waliozoea kupiga mbali bila kuogopa kutoka nje walitaabika. Tiger Woods, aliyekuwa ameshinda taji kubwa kule Atlanta wiki moja kabla, alipoteza michezo yake yote minne. Kuanzia 2014 hadi 2023 mwenyeji alishinda kila mara.

Washabiki wa soka wa Kongo wanaijua hali hii. Desemba 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 kule Abu Dhabi, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Furaha ile ilikuwa ya haki kabisa, lakini haikuwa mizani ya kupimia wachezaji wote wa Kongo na wote wa Brazil.

Hata hivyo, wanaosema Ryder ni bahati tu nao wanakosea. Tangu 1995 hadi 2025 kombe limechezwa mara 15, na Ulaya imelichukua mara 11. Bahati haidumu miaka thelathini. Kuna kitu kinachopimwa pale, na kinaonekana zaidi katika mchezo ule ambapo wawili wanatumia mpira mmoja, huyu akipiga, mwenzake anafuata. Bethpage, Ulaya ilishinda mchezo wa aina hiyo kwa pointi 6 dhidi ya 2. McIlroy na Tommy Fleetwood, waliokuwa wamecheza hivyo pamoja tangu Roma, waliwashinda English na Collin Morikawa Ijumaa. Jumamosi Bradley akawarudisha English na Morikawa wale wale, wakakutana na McIlroy na Fleetwood wale wale, wakashindwa tena. Hapo aliyepimwa hasa ni kapteni.

Kwa hiyo kombe ni la haki kwa timu. Dhuluma inaanza pale mtu anapolitumia kumwita Scheffler mchezaji wa kawaida. Mwaka 2027 watakutana Adare Manor, Ireland, Ulaya ikiwa mwenyeji. Kapteni wa Marekani atakayekwenda huko atafute kwanza jozi nne zinazoweza kuvumiliana na mpira mmoja, ndipo afungue orodha ya ubora wa dunia.