Bustani za burudani: Siku ya familia hupangwa nyumbani, si langoni

Leo tunapenda kuzungumza na wazazi, hasa wale ambao watoto wao wameshaanza kuuliza likizo ijayo wataipitisha wapi.

Tarehe 7 Mei, 2025, kampuni ya Disney ya Marekani ilitangaza kwamba bustani ya burudani yenye jina lake itajengwa katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Baada ya California, Florida, Tokyo, Paris, Hong Kong na Shanghai, hicho kitakuwa kituo chake cha saba, na cha kwanza katika nchi za Kiarabu. Kwa mujibu wa makubaliano hayo, kampuni ya Miral ya huko huko Abu Dhabi ndiyo itakayotoa fedha, kujenga na kuendesha. Disney itatoa jina, wasanifu wake na wale wanyama wa katuni ambao watoto wetu wanawajua kuliko wanavyowajua majirani, nayo italipwa mrabaha. Tarehe ya kufunguliwa haikutajwa siku hiyo.

Kisiwa cha Yas si kigeni kwa mambo haya. Ferrari World ilifunguliwa hapo mwaka 2010, ikafuata bustani ya maji ya Yas Waterworld mwaka 2013, kisha Warner Bros. World mwaka 2018 na SeaWorld mwaka 2023. Ndugu zetu wa Maskati wenye kuzungumza Kiswahili nyumbani wanakijua vyema, kwa kuwa ni safari ya gari ya nusu siku. Walioko Dar es Salaam na Nairobi nao wana ndege za moja kwa moja hadi Ghuba, na wapo wanaopitisha siku mbili tatu huko wakiwa njiani kurudi kutoka Umra.

Habari ile ilipotoka, wengi walifurahi, na furaha yao tunaielewa. Walisema: sasa watoto watacheza mahali ambapo nyama ni halali, ushungi si ajabu kwa mtu, na mahali pa kuswali hapatafutwi kwa tochi. Sisi hatuna neno juu ya furaha hiyo. Kucheza na watu wa nyumbani kwako ni katika mwenendo mwema, na ni mashuhuri kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.). Tunachokipinga ni ile dhana iliyojificha nyuma ya furaha, kwamba mahali pakishakuwa pa Waislamu, mpango hauhitajiki tena. Mtu hukata tiketi, hupakia watoto garini, akaamini kuwa mengine yatajipanga yenyewe mbele ya lango. Hayajipangi. Lango lina mpango wake, nao umeandikwa na wafanyabiashara.

Tuanze na tukio lililotokea mbali, ambalo lilihuzunisha wengi. Tarehe 30 Agosti, 2011, siku ya Idi el Fitri, jumuiya moja ya Kiislamu ya New York iliandaa matembezi ya familia katika bustani ya Playland, mjini Rye. Walifika Waislamu wapatao 3,000. Baadhi ya akina mama na mabinti walipofika kwenye michezo fulani walizuiwa, kwa sababu kanuni ya hapo ilikataza kuvaa kitu chochote kichwani katika michezo ya kasi. Yakazuka maneno, maneno yakawa msukumano, polisi wakaitwa kutoka miji ya jirani, na Idi ya watu 15 ikaishia mikononi mwa polisi. Wenye bustani walisema kanuni hiyo waliieleza kwa waandaaji kabla ya siku yenyewe. Wengi katika waliofika walisema hawakuisikia mpaka walipokuwa wamesimama kwenye foleni na watoto wao.

Ilijadiliwa sana baadaye kama ule ulikuwa ubaguzi au usalama. Kwa rai yetu, uchungu wa wale akina mama ulikuwa wa haki, kwani hakuna anayependa kuvuliwa heshima yake mbele ya watoto siku ya Idi. Hata hivyo, kanuni yenyewe haikuzuliwa hewani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2010, mama mmoja wa Kiislamu alifariki dunia huko Port Stephens, Australia, vazi lake lilipokamatwa na gurudumu la kigari kidogo cha mashindano alichokuwa akikiendesha. Upepo, ekseli na kitambaa kirefu havijui dini ya mtu. Kilichokosekana Rye ni khabari kuwafikia watu majumbani mwao, wakati ambapo kila mama angeweza kuamua kwa utulivu: nitavaa ushungi wa kubana usio na ncha za kuning'inia, au mchezo huu nitauacha, au tutafute bustani nyingine.

Abu Dhabi nako hali ni hiyo hiyo, ingawa mtandio hauna ugomvi. Ferrari World ina gari la reli liitwalo Formula Rossa, linalofikia kilomita 240 kwa saa, na abiria wake huvalishwa miwani ya kukinga macho. Ushungi wa pini mbili hauwezi kuhimili kasi hiyo. Baibui nalo si vazi la kuteremkia kwenye mirija ya maji, na anayetaka stara majini hana budi kuwa na nguo ya kuogelea iliyoshonwa kwa kazi hiyo. Haya ni mambo ya kufungasha begini usiku, si ya kubishana nayo mchana. Halikadhalika urefu wa watoto. Michezo mingi ya kasi huwa na kipimo. Space Mountain ya Florida, kwa mfano, hudai sentimita 112. Mpime mtoto ukutani nyumbani, umwambie mapema lipi litamkataa. Mtoto aliyeambiwa juzi hununa kidogo tu. Aliyesubiri saa nzima kisha akarudishwa na fimbo ya kipimo, siku yote imemharibikia, na yenu pamoja naye.

Sasa tuje kwenye swala, ambayo ndiyo saa halisi ya siku ya Muislamu. Wengi huenda Yas mwezi wa Desemba, hali ya hewa inapokuwa nzuri na shule zimefungwa. Katika mwezi huo Adhuhuri ya Abu Dhabi huingia kama saa sita na robo, Alasiri kama saa tisa na robo, Maghribi kama saa kumi na moja na nusu, na kati ya Maghribi na Isha hapana hata saa moja na nusu. Sasa linganisha na foleni. Siku ya watu wengi, mchezo mmoja mashuhuri huweza kukusimamisha saa nzima na zaidi, na ukitoka kwenda kutia udhu, nafasi yako imepotea. Mtu akiingia kwenye foleni saa kumi na moja na dakika 25 na udhu umemtoka, amekwishaifanyia Maghribi kamari. Hakuna aliyemzuia kuswali. Chumba cha swala kipo na alama zake zipo. Foleni tu ndiyo iliyomshika.

Msafiri ana wepesi wake. Aliyetoka Maskati au Mombasa anaweza kupunguza swala, na wanachuoni wametofautiana juu ya kuzikusanya, nani anaruhusiwa na kwa sharti gani. Basi kila mmoja amuulize mwalimu wake kabla ya safari, asianze kutafuta fatwa kwa simu akiwa juu ya bembea. Mkaazi wa Abu Dhabi hana ruhusa ya msafiri.

Ijumaa ina hesabu yake peke yake. Tangu Januari 2022, mapumziko ya wiki katika Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wafanyakazi wa serikali hufanya kazi mpaka adhuhuri. Kwa Omani mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ambayo nchi zote mbili zimepumzika, na familia ya Maskati inayochagua siku hiyo imechagua msongamano. Ijumaa asubuhi kuna nafasi zaidi, lakini tangu tarehe 2 Januari, 2026, khutuba katika Falme zote huanza saa sita na dakika 45 mchana, nusu saa kabla ya ilivyokuwa awali. Anayetaka kuiwahi, hata kama ni msafiri asiyelazimika, ajue kuwa asubuhi yake ni fupi.

Linalotushughulisha zaidi ni foleni yenyewe, kwa sababu siku hizi foleni imekuwa bidhaa. Desturi ya Disney katika jambo hili yaonekana wazi zaidi kwenye kituo chake cha Florida. Kilipofunguliwa mwaka 1971, mtu mzima aliingia kwa dola 3.50, ingawa michezo ililipiwa kando. Leo tiketi ya siku moja, siku za msimu, hugharimu karibu dola 200 au zaidi. Kupanda kwa bei si ajabu. Ajabu ni lililotokea ndani ya lango. Mwaka 1999 Disney ilianzisha karatasi ya bure iliyompa kila mwenye tiketi, tajiri na maskini, miadi ya kurudi kwenye mchezo bila kusimama muda mrefu. Utaratibu huo ulisimama bustani zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona mwaka 2020, na uliporudi Oktoba 2021 ulirudi ukiwa wa kulipia. Oktoba 2024 ikaongezwa tiketi ya juu kabisa ya kupita mbele, kwa bei ya kuanzia dola 129 hadi 449 kwa mtu mmoja, kwa siku moja, mbali na kiingilio. Familia ya watu sita, siku ya bei ya juu, italipa dola 2,694 ili isisimame.

Yako wapi madhara, atauliza mtu, ikiwa muuzaji ameridhika na mnunuzi ameridhika? Hatusemi kuwa biashara hiyo ni haramu. Bei inajulikana na hakuna aliyelazimishwa. Lakini viti vya kigari ni vile vile. Kila anayepitishwa mbele, aliye nyuma husubiri zaidi, naye hakuulizwa. Bustani za Yas nazo huuza tiketi za namna hii, na hatuoni sababu ya Disney kuiacha desturi hiyo itakapofika huko.

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana duka lenye baraka, mwingine ni mwalimu wa shule. Wamekubaliana kutoka pamoja na watoto wao, pamoja na mama yao mzee. Wote wamemudu kiingilio, na mwalimu amejinyima miezi mitatu kwa ajili hiyo. Wamefika ndani, yule mwenye duka anatoa simu na kuwanunulia wanawe tiketi za kupita mbele. Hakukusudia ubaya. Lakini tangu dakika hiyo familia imegawanyika kwa vichochoro viwili, na mtoto wa mwalimu, aliyelala kitanda kimoja na binamu yake usiku uliopita, anamtazama akipita kando ya kamba akicheka. Jioni watakutana kwenye gari. Mmoja atasimulia michezo kumi na mbili, mwingine mitatu. Kuna mama atakayesikia masimulizi yote mawili, akanyamaza.

Jambo hili halina dawa ukishafika langoni, kwa sababu mwalimu hatakubali kulipiwa mbele ya wanawe, na mwenye duka atahisi anadhulumiwa kuzuiwa na mali yake. Dawa yake ni kikao cha sebuleni, siku kadhaa kabla. Yasemwe wazi: tutapita wote mbele, au tutasimama wote. Ikiwa mwenye uwezo anataka kuwalipia wote, alipe mapema kwa siri, tiketi zifike zikiwa zimekamilika, asijulikane aliyetoa. Ikiwa hawezi wote, basi wote wasimame, na fedha hiyo iende kwenye chakula cha pamoja au siku ya pili ya mapumziko. Tunajua baadhi ya wasomaji wataona tumelikuza jambo dogo. Na wamuulize mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya binamu wengi kama alisahau siku kama hiyo.

Chakula tutakipitia upesi. Florida inaruhusu kuingia na chakula chako, isipokuwa pombe na vyombo vya kioo, nao Waislamu wa huko hujikomboa hivyo kwa mikate na tende zao. Bustani nyingi nyingine haziruhusu, na hapo uhalali wa nyama hauzuii bei yake kuwa kali. Kuleni vizuri asubuhi kabla ya kutoka.

Amebaki bibi. Yeye ndiye husahauliwa katika mipango yote, kwa sababu hapandi kitu na halalamiki. Watu hufika, humkalisha kwenye benchi karibu na mizigo, wakamwachia mikoba na mtoto mchanga, na saa nane baadaye wakamkuta hapo hapo, maji hakunywa kwa kuogopa kutafuta choo peke yake, na Alasiri ameiswali akiwa ameketi kwa sababu hakuna aliyempeleka. Kiti cha magurudumu kiulizwe mapema. Benchi lichaguliwe ndani, kwenye ubaridi, karibu na chumba cha swala. Na zamu za kukaa naye, saa moja kwa kila mtu mzima, baba zikiwamo, ziandikwe kwa majina kabla gari halijawashwa.