Utabiri wa mvua: Kwa nini 'wastani' wa mkoa si wastani wa Nangwa

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka kabla ya mvua za vuli kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa msimu, na kila mara taarifa hiyo inaposomwa redioni, mkulima wa Nangwa wilayani Hanang hubaki na swali lile lile: je, maneno hayo yanamhusu yeye, au yanamhusu mtu wa Arusha?

Swali hilo si la utani. Jibu lake ndilo linaloamua kama anunue mbegu ya mahindi yanayokomaa mapema au ya yale yanayochelewa, apande lini, na abakize akiba gani ghalani. Kwa mfugaji wa Kibarbaig, jibu hilo huamua iwapo ng'ombe wabaki karibu na boma au wahamishwe mbali kutafuta malisho.

Ugumu wa kwanza umo katika ramani yenyewe. Katika mgawanyo unaotumika kutoa utabiri, Manyara huhesabiwa pamoja na Arusha na Kilimanjaro kuwa ni nyanda za juu kaskazini mashariki, ambako mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Singida na Dodoma wamo katika kundi jingine, lile linalopata mvua za msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili.

Hanang ni wilaya ya Manyara, lakini inapakana na Singida upande mmoja na Dodoma upande mwingine. Mstari unaotenganisha makundi hayo mawili umechorwa kwenye karatasi, mawingu hayauoni. Kwa hiyo mkulima wa eneo hili husikiliza taarifa mbili, moja ya Agosti au Septemba na nyingine ya Oktoba au Novemba, kisha huamua mwenyewe ipi aifuate.

Ugumu wa pili ni mlima. Mlima Hanang una urefu wa takriban mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, na umesimama peke yake. Chini yake, katika sakafu ya Bonde la Ufa, lipo Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi, zaidi ya mita 1,500 chini ya kilele. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inapougonga mlima hulazimika kupanda. Inapopanda hupoa, na mvuke hugeuka kuwa wingu na mvua. Ikishateremka upande wa pili imekwisha kupungukiwa na maji, na huko hubaki kivuli cha mvua. Matokeo yake ni kwamba vijiji viwili vinavyoutazama mlima huo huo kutoka pande tofauti vinaweza kuwa na mavuno tofauti kabisa katika mwaka mmoja.

Juu ya hayo, sehemu kubwa ya mvua za ukanda huu hutokana na mawingu ya radi yanayozaliwa mchana kutokana na joto la ardhi, ambayo kila moja huwa na upana wa kilomita chache na huishi kwa muda mfupi. Linaloanguka shambani kwa jirani laweza lisifike kwako.

Je, kompyuta haziwezi kulimaliza tatizo hili? Zinajitahidi. Lakini kompyuta haioni mlima kama tunavyouona sisi. Huigawa dunia katika miraba, na kila mraba huupa kimo kimoja na mvua moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kinachohesabiwa miongoni mwa vilivyo bora duniani, tangu mwaka 2016 kimekuwa kikitumia miraba ya kilomita zipatazo tisa. Katika vipimo hivyo Hanang nzima huingia katika miraba michache tu, na kilele chake husawazishwa na tambarare zinazouzunguka mpaka kikaonekana kama kilima cha kawaida. Mlima ambao ndio unaoigawa mvua ya wilaya nzima, ndani ya hesabu huwa haupo kwa ukubwa wake.

Isitoshe, hesabu zenyewe zina ukomo. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Edward Lorenz, aliirudia hesabu yake kwenye kompyuta akiwa amefupisha tarakimu za desimali tu, akapata hali ya hewa tofauti kabisa. Tangu hapo inafahamika kwamba kosa dogo la mwanzo hukua, na kwamba utabiri wa siku kwa siku hupoteza maana baada ya wiki zipatazo mbili. Utabiri wa msimu ni kitu kingine: haudai kujua siku ya mvua, bali mwelekeo wa jumla.

Wenye vyombo vingi kuliko sisi nao hawajanusurika. Agosti 16, 2004, kijiji cha Boscastle kusini magharibi mwa Uingereza kilivamiwa na mafuriko. Katika eneo jirani la Otterham zilipimwa milimita 200 za mvua, ilhali vipimo vinne kati ya kumi vilivyokuwa karibu zaidi vilionyesha chini ya milimita tatu. Hakuna aliyefariki dunia, lakini watu wengi waliokolewa kwa helikopta. Miaka mitano baadaye Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo iliwaambia wananchi watarajie kiangazi kizuri cha kuchoma nyama nje. Mvua ikanyesha, na mwaka 2010 idara hiyo ikaacha kuutangazia umma utabiri wa misimu.

Kwa upande wetu, El Niño ndiyo iliyowachanganya wananchi zaidi. Ile ya 1997 ilileta mafuriko makubwa Afrika Mashariki. Ya mwaka 2015 ilikuwa na nguvu kama hiyo, lakini mvua hazikufikia zile za 1997. Mwaka 2019 haikuwapo El Niño ya kutajika, na bado vuli ilifurika. Tofauti ilikuwa Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huongezeka huku kwetu, hata kama Pasifiki imetulia.

Mwaka 2023 mambo yote mawili yalikutana, na TMA ilisema mapema, tangu Agosti, kwamba vuli ingekuwa ya juu ya wastani. Kwa ngazi ya msimu na kanda, utabiri huo ulikuwa sahihi.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Kwa maelezo ya Serikali, miamba dhaifu iliyokuwa imenyonya maji iliporomoka na kugeuka tope, likashuka na mawe na miti hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa mazingira wa COP28, alikatisha safari yake.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti kati ya utabiri ulio sahihi na utabiri unaookoa. Kusema vuli itazidi wastani katika mikoa mitatu ni jambo moja. Kusema korongo lipi litaleta tope, usiku upi, ni jingine, na hakuna taasisi duniani inayoweza kulisema hilo miezi mitatu kabla. Wanaoilaumu TMA kana kwamba ilinyamaza hawaitendei haki. Lakini na wanaojibu kwamba wananchi walikwisha kuambiwa nao wanakwepa hoja.

Tazama lugha inayotumika. 'Wastani' katika taarifa za msimu ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa eneo ambalo kwa kawaida hupata milimita 800, hiyo ni kuanzia milimita 600 hadi 1,000, yaani mwaka wa shida na mwaka wa neema vimo ndani ya neno moja. Mamlaka imekuwa ikieleza kwamba usahihi wa utabiri wake wa misimu unavuka asilimia 70 inayokubalika kimataifa. Sina sababu ya kubisha. Ila usahihi wa kanda haugawanyiki sawasawa kwa kila shamba, na mkulima aliyekosa mvua wakati mahindi yakichanua hasaidiwi na jumla ya milimita zilizokuja baadaye.

Vivyo hivyo kwa tahadhari. Mvua kubwa, kwa kipimo cha Mamlaka, ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kiwango hicho ni cha nchi nzima. Katika mteremko uliokwisha kumeguka na ambao udongo wake umelowa kwa wiki kadhaa, mvua ndogo kuliko hiyo yaweza kuwa ya hatari. Katika tambarare za Basotu, kubwa kuliko hiyo yaweza kupita salama.

Kiwango cha Hanang hakitapatikana Dar es Salaam wala Ulaya. Kitapatikana kwa vipimo vya mvua vilivyofungwa kuuzunguka mlima, Nangwa, Gendabi, Katesh na kwingineko, vikasomwa kila asubuhi saa tatu bila kukosa, hata sikukuu. Shule na zahanati zinaweza kuifanya kazi hiyo. Kinachotakiwa ni mtu wa kusoma, daftari, simu ya kutuma namba, na mtu wa upande wa pili wa kuipokea. Kwa utaratibu wa kimataifa, wastani wa mvua wa mahali huhesabiwa kwa kumbukumbu za miaka 30. Kipimo kitakachofungwa mwaka huu kitatimiza hesabu hiyo katikati ya miaka ya 2050.